Sungura wa Fuenlabrada: mlipuko wa lishmania uliozaliwa na bustani ya mji

Mgonjwa anakuja na homa ya wiki kadhaa. Amekonda, usiku jasho linamlowesha, na daktari akimpapasa tumbo upande wa kushoto anaukuta wengu umevimba na kushuka chini ya mbavu. Damu ikipimwa, chembe nyekundu ziko chini, nyeupe ziko chini, na hata zile za kugandisha damu zimepungua. Mhudumu wa zahanati ya Baringo au Wajir akisimuliwa dalili hizi atataja kala-azar kabla hujamaliza kusema. Lakini mgonjwa huyu anaishi ghorofani, kilomita kama 20 kusini-magharibi mwa katikati ya Madrid. Hajasafiri popote. Hana VVU wala hatumii dawa za kushusha kinga. Daktari wake ana kila sababu ya kufikiria saratani kwanza.

Wagonjwa wa namna hii walianza kuongezeka katika mji wa Fuenlabrada na majirani zake, pamoja na wengine waliokuja na vidonda vya ngozi visivyotaka kupona. Wote walikuwa na lishmania, ugonjwa wa vimelea vinavyoenezwa na mdudu mdogo anayeuma. Hesabu iliyotolewa baadaye inaanzia Julai 2009. Katika nusu hiyo ya mwaka walikuwa 6 tu. Mwaka 2010 wakawa 97. Mwaka 2011 wakafika 196, na 2012 wakawa 147. Jumla ni wagonjwa 446 katika miaka mitatu na nusu, ndani ya miji minne iliyopakana, yaani Fuenlabrada, Leganés, Getafe na Humanes de Madrid, yenye wakazi 506,306 kwa pamoja. Kati yao, 160 walikuwa na lishmania ya viungo vya ndani, ile tunayoiita kala-azar, na 286 walikuwa na ile ya ngozi. Ulaya haikuwa imewahi kuripoti mlipuko wa ugonjwa huu ulio mkubwa hivyo miongoni mwa wakazi wa kawaida.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu ukikitafuta kilichoharibika hukioni. Mfereji wa maji machafu haukupasuka. Hakuna vita vilivyowakimbiza watu, wala mgeni aliyeingia na vimelea vipya. Vimelea vilikuwa Hispania tangu zamani, mdudu alikuwapo, na sungura walikuwapo. Watu walipanda miti, wakatengeneza njia za kutembelea, wakajenga nyumba nzuri kandokando. Kazi njema ya mipango miji ndiyo iliyowakutanisha wote hao mahali pamoja, na ilichukua muda kabla mtu yeyote hajaona jinsi walivyokutana.

Mdudu na jina lake

Tuelewane kwanza kuhusu mdudu mwenyewe. Kiswahili kina neno usubi, na kamusi hulitumia kwa wadudu wadogo wanaouma wa jamii hii. Tatizo ni kwamba Tanzania neno hilo limekwisha kuchukuliwa na ugonjwa mwingine kabisa, ule upofu wa mtoni unaoletwa na inzi weusi wa kwenye maji yaendayo kasi. Ukitamka usubi mbele ya watu wa Mahenge, watakuelewa hivyo, na watakuwa sahihi. Kwa hiyo hapa nitamwita nzi wa mchanga. Jina hili nalo lina kasoro, maana linamfanya mtu afikirie ufukwe wa bahari, na mdudu huyu hana habari na ufukwe. Kinachofanana na mchanga ni rangi yake.

Ni mdogo mno, milimita 2 hadi 3. Mwili wake una manyoya, na akitua huyainua mabawa yakasimama kama herufi V. Haimbi sikioni kama mbu. Haendi mbali wala haendi kwa kasi. Hurukaruka kwa vituo vifupi karibu na ardhi au ukutani, na upepo mdogo tu unatosha kumzuia. Jike ndiye anayeuma, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yakomae, na huanza kazi jua linapozama. Chandarua cha kawaida cha mbu kisicho na dawa anaweza kukipenya, kwa kuwa matundu yake yalipimwa kwa mwili mkubwa kuliko wake.

Hapa ndipo mazoea yetu ya kupambana na wadudu mijini yanapokwama: nzi wa mchanga hatagi majini. Anataga kwenye udongo wenye unyevu na uozo, palipo na majani yaliyooza, kinyesi cha wanyama, mashimo ya panya, nyufa za kuta na misingi ya nyumba. Viluwiluwi vyake, kama naweza kuviita hivyo, ni vidogo na vimetawanyika udongoni kiasi kwamba hata wataalamu waliotumia maisha yao juu ya mdudu huyu hupata shida kuvipata. Halmashauri ya mji inaweza kufukia kila dimbwi na kuzibua kila mtaro, ikaondoka na fahari ya kazi iliyokamilika, na nzi wa mchanga asipungue hata mmoja.

Akimnyonya mnyama mwenye vimelea, vimelea hivyo hubadilika umbo tumboni mwake, vikaota mkia mmoja wa kuogelea na kuzaana. Vikishakuwa vingi hutoa ute mzito unaoziba njia ya chakula. Nzi akijaribu kunyonya tena anashindwa kumeza vizuri, anachoma hapa, anachoma pale, na kila anapochoma hutapika sehemu ya ule mzigo ndani ya ngozi ya anayeumwa. Ndiyo maana mdudu mmoja aliyeambukizwa ana madhara makubwa kuliko udogo wake: ugonjwa wenyewe humfanya aume mara nyingi zaidi.

Madrid, mwenye kazi hii ni Phlebotomus perniciosus, na kimelea ni Leishmania infantum.

Mshukiwa wa miaka 100

Jina la kimelea lina historia inayohusu kisa chetu moja kwa moja. Mwaka 1908, mjini Tunis, Charles Nicolle alikieleza kimelea alichokikuta kwa watoto wenye wengu uliovimba, akakipa jina linalotokana na neno la Kilatini la mtoto mchanga. Mwaka huohuo yeye na mwenzake walikikuta kwa mbwa. Tangu hapo, pande zote za Bahari ya Mediterania, mbwa akawa ndiye mshukiwa. Na si kwa kusingiziwa. Mbwa huugua kweli, hukonda, manyoya hunyonyoka karibu na macho, kucha hurefuka kupita kiasi, na nzi akimnyonya huondoka na vimelea. Kusini mwa Ulaya madaktari wa mifugo huuza kola zenye dawa za kumfukuza nzi huyu, na kuna chanjo za mbwa. Kila aliyesomea udaktari Hispania amefundishwa kwamba penye lishmania kuna mbwa nyuma yake.

Basi wagonjwa walipoongezeka Fuenlabrada, macho yaligeukia mbwa. Mkoa wa Madrid ulikuwa na utaratibu wa kupima mbwa mwaka hadi mwaka, na huu ni utaratibu ambao miji mingi haina. Takwimu zake zilipoangaliwa, maambukizi kwa mbwa hayakuwa yamepanda. Wagonjwa binadamu walikuwa wameongezeka mara nyingi, na mbwa wamebaki palepale.

Hapa ndipo uchunguzi wote ulipogeukia, na ningependa msomaji akae nalo kidogo. Takwimu ya mbwa isiyosogea ingeweza kupuuzwa kirahisi. Mtu angesema vipimo vina makosa, au mbwa wa mitaani hawakufikiwa, au tusubiri mwaka mwingine. Mji ungetumia fedha kuwakamata mbwa na kuwaua, kama miji ya Brazil ilivyofanya kwa miaka mingi, na mafanikio yake yamebishaniwa mpaka leo. Wachunguzi wa Madrid waliamua kuiamini takwimu yao. Kama si mbwa, yupo mnyama mwingine, na lazima awe mwingi, awe karibu na watu, na awe anapendwa na nzi.

Wangejua ni nani kwa kumuuliza nzi mwenyewe.

Kumuuliza nzi

Nzi wa mchanga hukamatwa kwa njia mbili ambazo hazijabadilika sana kwa miongo mingi. Moja ni mtego wa taa na feni ndogo inayomvuta mdudu hadi ndani ya mfuko wa wavu. Nyingine ni karatasi iliyopakwa mafuta ya nyonyo, inayotundikwa ukutani au kuwekwa kwenye mdomo wa shimo jioni na kukusanywa asubuhi. Mdudu dhaifu kiasi hiki akigusa mafuta haondoki. Mitego ilipowekwa kwenye maeneo ya mlipuko, idadi ya Phlebotomus perniciosus iliyopatikana ilikuwa kubwa sana.

Wakati huohuo nyumba za wagonjwa ziliwekwa kwenye ramani. Hazikuwa zimetawanyika mji mzima. Zilijikusanya upande unaopakana na eneo la kijani lililotengenezwa baina ya miji hiyo, bustani kubwa ya misitu iitwayo Bosquesur, inayoungana na bustani ya Polvoranca upande wa Leganés. Ukikumbuka kwamba nzi huyu kwa kawaida haendi mbali na alikozaliwa, ramani hiyo ilikuwa kama kidole kinachoonyesha.

Kisha ikaja kazi ya maabara. Jike aliyekamatwa akiwa na damu tumboni hubeba ushahidi wa mlo wake wa mwisho, kwa sababu vinasaba vya mnyama aliyenyonywa bado vimo. Damu ilipopimwa, mnyama aliyejitokeza zaidi hakuwa mbwa. Alikuwa sungura pori.

Lazima nisimame hapa kwa sababu ya lugha. Sisi tunasema sungura kwa wanyama wawili ambao Mhispania anawatenganisha. Kuna yule anayechimba mashimo na kuishi kwa makundi chini ya ardhi. Na kuna yule mkubwa zaidi, mwenye miguu mirefu na masikio marefu, asiyechimba, anayelala juu ya ardhi kwenye kijibonde cha majani, ambaye baadhi yetu tunamwita kitungule. Huyu wa pili, anayejulikana kitaalamu kwa jina la Lepus granatensis, ndiye aliyekutwa kwanza. Nitamwita sungura pori, na yule mwingine sungura wa mashimo.

Kukuta damu ya sungura pori tumboni mwa nzi hakumtii hatiani. Inaonyesha tu kwamba nzi alikula kwake. Hata kukuta vimelea ndani ya sungura hakutoshi, kwa sababu wanyama wengi huambukizwa wakawa mwisho wa safari: vimelea vimejificha kwenye wengu au uboho, na nzi akimnyonya mnyama huyo hapati kitu. Ili mnyama aitwe mhifadhi wa vimelea inabidi athibitike kuwa nzi msafi akimnyonya anatoka na maambukizi.

Kuna njia moja ya kulithibitisha hilo, nayo ni ya kizamani kwa namna inayonifurahisha. Unafuga nzi wa mchanga maabara, vizazi na vizazi, ambao hawajawahi kukutana na kimelea. Unamkamata sungura pori wa bustanini akiwa hai. Unamlaza kwa dawa, unawaacha nzi wako wamnyonye, halafu unawatunza kwa siku kadhaa. Kisha unawapasua mmoja mmoja chini ya darubini, na unaangalia utumbo wao. Watafiti wa Instituto de Salud Carlos III, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya, walikuwa na nzi wa kufugwa na mikono iliyozoea kazi hiyo. Walichokiona ni vimelea hai vikiogelea ndani ya nzi walionyonya sungura ambao kwa macho walionekana wazima kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Baadaye sungura wa mashimo nao waliwekwa kwenye kipimo hichohicho, na wao pia walithibitika kuwaambukiza nzi.

Kwa zaidi ya karne moja mnyama huyu alikuwa akikimbia mashambani Hispania, akiwindwa, akipikwa, akiliwa, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha kuwa mhifadhi wa lishmania mpaka alipofungiwa mjini.

Jinsi sungura alivyofungiwa

Nasema alifungiwa nikimaanisha hivyo hasa. Miji ya kusini mwa Madrid ilikua upesi sana. Bosquesur ilikusudiwa kuwapa wakazi wake mahali pa kupumua, na lazima nikiri kwamba kama ningekuwa naishi kwenye ghorofa zile ningeipigania. Miti ilipandwa, nyasi zikaota, njia za baiskeli zikatengenezwa. Lakini ukiitazama ardhi hiyo kwa jicho la sungura, unaona kisiwa. Barabara kuu zinaizunguka, reli inakatiza, na mitaa mipya ya nyumba imeziba upande uliobaki. Sungura waliokuwa wakizurura mashamba ya zamani walijikuta ndani ya mpaka ambao hawawezi kuuvuka bila kugongwa.

Ndani ya mpaka huo maisha yalikuwa mazuri. Uwindaji hauruhusiwi kwenye bustani ya mji. Wanyama wa kuwala walikuwa wachache. Nyasi zilimwagiliwa wakati wa kiangazi, msimu ambao kwa kawaida ukame wa eneo la Madrid hupunguza chakula na kuua wanyonge. Wakaongezeka mno. Unyevu uleule, majani yaliyooza yaleyale, na kinyesi cha sungura wenyewe vikawa malezi ya nzi wa mchanga. Nzi akizaliwa, damu iko mita chache. Jioni za Juni mpaka Septemba, joto likipungua, watu wa nyumba za jirani wanatoka kutembea, kukimbia, kukaa barazani na madirisha wazi. Ni saa ileile ambayo jike la nzi linaanza kutafuta mlo.

Ukitaka kuunda kwa makusudi mtambo wa kuzungusha kimelea hiki ungehitaji vitu hivyo vinne tu: mnyama mwingi asiyeweza kuondoka, unyevu, nzi, na watu wanaotoka jioni. Vyote vilipatikana bila mtu yeyote kuvunja kanuni ya afya.

Nani aliugua

Umri wa wastani wa wagonjwa ulikuwa miaka 44, mdogo kabisa akiwa na miezi 2 na mkubwa kabisa miaka 95. Wanaume walikuwa asilimia 61. Jambo lililowashtua madaktari lilikuwa hili: kati ya wale 446, ni 68 tu, yaani asilimia 15.2, waliokuwa na hali ya kupunguza kinga ya mwili. Hispania ilikuwa imejifunza lishmania ya watu wazima kwa njia ya UKIMWI. Katika miaka ya 1980 na 1990 kala-azar ilikuwa ugonjwa wa kushuku kwa mgonjwa mwenye VVU. Sasa waliolala wodini wengi wao hawakuwa na kasoro yoyote ya kinga.

Walio wengi wanaoumwa na nzi mwenye Leishmania infantum hawaugui kamwe. Kinga ya mwili hukizuia kimelea, na mtu haoni dalili yoyote maishani. Kwa kila mgonjwa aliyehesabiwa Fuenlabrada kulikuwa na majirani walioambukizwa bila kujua. Kwa nini huyu alale kitandani na yule asilale, hilo lina sehemu ya bahati, sehemu ya wingi wa kuumwa, na sehemu ya vinasaba.

Na hapo kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Madaktari wa hospitali ya Fuenlabrada walibaini kwamba miongoni mwa wagonjwa wa lishmania ya viungo vya ndani, watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara walikuwa wengi kuliko walivyo katika idadi ya wakazi. Hawakuja na ugonjwa kutoka nyumbani. Waliumwa na nzi wa Madrid, wakaugua kimelea cha Madrid. Ila daktari asiye mwangalifu, akimwona Mwafrika mwenye homa, anaweza kupoteza siku nyingi akiuliza alisafiri lini mara ya mwisho, akapima malaria, akapima tena, na jibu liko umbali wa kutembea kutoka mlangoni kwa mgonjwa. Ndugu zetu wanaoishi kusini mwa Ulaya, Hispania, Italia, Ugiriki, wakipata homa isiyoisha na wengu kuvimba, wamtajie daktari ugonjwa huu kwa jina, na wamweleze wanaishi mtaa gani na jioni hukaa wapi.

Matibabu yenyewe sitakaa nayo sana. Kwa wenye ugonjwa wa ndani ilitumika amfoterisini B iliyofungwa ndani ya chembechembe za mafuta, dawa ya kuingizwa mshipani, nzuri na ya bei ghali. Wenye vidonda vya ngozi wengine walidungwa dawa ya antimoni kandokando ya kidonda. Hospitali zilikuwa karibu, maabara zilikuwepo, na walio wengi walipona.

Kilichofanywa, na ninavyokipima

Mkoa na halmashauri walichukua hatua kwa pamoja. Nyasi na vichaka vilikatwa, taka zikaondolewa, maeneo yenye nzi yakapuliziwa dawa, wakazi wakaelezwa jinsi ya kujikinga, mbwa wakaendelea kufuatiliwa, na sungura wakakamatwa na kuondolewa kwa wingi. Baada ya kilele cha 2011 wagonjwa walipungua. Hawakuisha. Miaka iliyofuata wagonjwa wapya waliendelea kujitokeza kidogo kidogo mpaka jumla ya mlipuko ikapita wagonjwa 700.

Nikiulizwa ni hatua ipi iliyopunguza ugonjwa, nitasema kisa chenyewe hakitoi jibu safi, na mtu anayekitumia kudai kwamba kuua sungura ndiyo dawa anakibebesha kisichoweza kubeba. Hatua zilifanywa zote kwa wakati mmoja. Isitoshe, kadiri miaka ilivyopita, wakazi wengi walikuwa wamekwisha kuumwa na miili yao kujenga kinga, jambo ambalo peke yake lingeweza kushusha idadi ya wagonjwa wapya. Mimi naamini kupunguza sungura kulisaidia, kwa sababu ushahidi wa maabara kwamba walikuwa wakiwaambukiza nzi ni mzito. Lakini sungura huzaa upesi. Ukiwatoa nusu na ukaacha nyasi za kumwagilia, barabara za kuwazingira na ukosefu wa wanyama wa kuwala, umewapa waliobaki chakula zaidi. Kazi hiyo haina siku ya kumaliza. Inakuwa gharama ya kudumu ya kuwa na bustani, kama kulipa bili ya maji.

Lililo la thamani zaidi kwangu ni lile lililofanyika kabla mlipuko haujatambuliwa. Mkoa wa Madrid ulikuwa tayari unapokea taarifa za kila mgonjwa wa lishmania, hata miaka ambayo walikuwa wachache na mtu angeweza kusema tunahesabu nini. Ulikuwa unapima mbwa. Kulikuwa na taasisi yenye nzi wa kufugwa, na watu wanaojua kuwapasua. Hivyo vyote vilikuwa gharama isiyo na faida ya kuonekana, hadi vilipohitajika. Ondoa kimojawapo tu, na huenda sungura asingejulikana, na mbwa wengi wangeuawa bure.

Kutoka Madrid hadi Gilgil

Sitaki msomaji wa Kenya abebe kisa hiki kama kilivyo akakipandikize nyumbani. Kala-azar ya Baringo, Turkana, Pokot Magharibi, Wajir na Marsabit inaletwa na Leishmania donovani, na mzunguko wake mkuu ni mtu hadi mtu kupitia nzi. Nzi huyo, Phlebotomus martini, anapenda vichuguu vya mchwa, si bustani. Watoto wanaochunga mifugo wakipumzika kwenye kichuguu jioni wako hatarini zaidi kuliko aliye mjini. Kati ya Mei 2000 na Agosti 2001, ugonjwa ulipolipuka kaskazini-mashariki mwa Kenya na ng'ambo ya mipaka ya Somalia na Ethiopia, wagonjwa 904 walitambuliwa, na hakuna sungura aliyehusika. Hapo kinachokata mzunguko ni kumtibu mgonjwa mapema, kwa sababu kila mgonjwa aliyeachwa bila dawa ni chakula cha nzi. Na matibabu ya kawaida ni sindano mbili kila siku kwa siku 17, kwa mtu ambaye huenda ametembea siku nzima kufika kituoni.

Kuna sehemu moja ya Kenya ambapo kisa cha Fuenlabrada kinanijia akilini bila kukiita, nayo ni Gilgil na miamba ya kaunti ya Nakuru. Huko kuna lishmania ya ngozi, Leishmania tropica, na watu hubaki na makovu usoni. Nzi wake hukaa mapangoni na kwenye nyufa za miamba, mahali ambapo pimbi nao hukaa kwa makundi. Mlima Elgon una ndugu yake, Leishmania aethiopica, na huko pia pimbi wanatajwa. Zamani mtu alikuwa na safari kutoka nyumbani hadi kwenye mwamba. Sasa viwanja vinauzwa mpaka chini ya genge, na mawe ya mwamba huohuo ndiyo yanayojengea ukuta. Pimbi hawana haja ya kuhama, maana nyumba imewafuata.

Kabla ya kuweka vigingi vya viwanja mahali kama hapo, mtu mmoja anaweza kutundika karatasi za mafuta ya nyonyo kwenye nyufa kwa usiku kadhaa, mwezi wa mvua na mwezi wa kiangazi, na kuhesabu kilichonasa. Hilo ni jambo la wiki chache na gharama ndogo. Kule Bosquesur jambo hilo halikufanywa mapema, na sidhani kuna aliyekuwa na sababu ya kulifikiria wakati huo. Sasa mitego hutundikwa huko tangu Mei nzi wanapoanza kuruka, na kuondolewa baridi ya Oktoba inapoanza kuwaua. Watu bado wanakimbia kwenye njia zake jioni.